Kahawa ya Kukhu Ilivyokula Unga wa Watu

Ilianza Jumamosi, tarehe mbili Desemba, 1989, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Nina uhakika wa saa kwa sababu nilikuwa nimekaa kitandani na daftari hili, nikiandika kwamba tangu tufunge shule hakuna jambo lolote lililotokea katika nyumba yetu, na kabla sijafika kwenye nukta mlango wa mbele ukagongwa kwa mkongojo. Mkongojo ule naujua. Ni wa Kukhu, mama yake Baba. Yeye hagongi kuomba kufunguliwa. Hugonga kuwajulisha walio ndani kwamba wamechelewa kufungua.

Sisi tunaishi Kibomet, hapa Kitale, na Baba ni karani. Kukhu anakaa upande wa Bungoma, juu kabisa, kwenye miteremko ya mlima, pamoja na Baba Mdogo ambaye ni kitinda mimba wake. Siku ile walikuja wote wawili. Baba Mdogo alikuwa na mkungu wa ndizi begani na jogoo kwapani, na jogoo alionekana amechoka kuliko yeye. Kukhu alibeba kiondo peke yake na akakataa kabisa kupokewa. Alikisukuma chini ya meza, akaketi, akaomba maji, akauliza kama Baba yupo. Alipoambiwa yupo, akasema mlango ufungwe.

"Na dirisha," akaongeza.

Mama alifunga dirisha akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejua. Kukhu akaondoa majani ya migomba yaliyofunika kiondo, akatoa mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja ulikuwa foronya ya zamani iliyotariziwa maneno ya kumkaribisha mgeni. Mwingine ulikuwa mguu wa suruali uliofungwa fundo huku na huku. Akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka ushahidi.

Ilikuwa kahawa.

Ni lazima nieleze kwa nini dirisha lilifungwa. Kule kwa Kukhu kila mtu analima kahawa na hakuna anayeinywa. Wanakunywa chai. Kahawa ikichumwa asubuhi, jioni iko kiwandani, na mtu akionekana ameianika nyumbani kwake ataitwa na kamati ya kiwanda aeleze anataka kumuuzia nani. Kwa hiyo Kukhu alikuwa ameikausha ya kwake chini ya kitanda, wiki nyingi, akiigeuza kila asubuhi kama kuku anayegeuza mayai. Siku ambayo kijiji chote kilikwenda matangani, yeye alisema anaumwa na mgongo, akabaki, akaitwanga polepole kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, akayapepeta. Kuikaanga ndiko kulikomshinda. Mwenyekiti wa kiwanda anakaa ng'ambo ya kijito, na ana pua. Basi akaona bora aje Kitale, ambako watu wanajua mahindi tu.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Baba Mdogo. Alikuwa amenunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ng'ombe wa gredi hula majani ya nepia kutwa nzima, na nepia haina pa kupandwa mpaka kahawa ing'olewe. Watu wa kung'oa walikuwa wameshaambiwa waje Jumatatu na majembe. Kilichobaki ni neno la Baba, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na Baba alikuwa ameahidi kulitoa Jumamosi ile. Kukhu hakukataa. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi, maana Kukhu hukataa hata kuongezwa sukari. Alisema tu kwamba kahawa yake haitazikwa kabla hajaionja.

"Nimechuma hii kitu tangu wewe uko darasa la kwanza," alimwambia Baba. "Nimebeba na kichwa. Nimekimbia nayo mvua ikinifukuza. Na mdomo wangu haujui iko namna gani. Si hata mgeni ukimfukuza unamuuliza kwanza ametoka wapi?"

Baba alikohoa. Baba Mdogo akasema kwamba kuonja hakuna ubaya, aonje tu, Jumatatu iko mbali.

Hapo ndipo Kukhu akaueleza ule mguu wa suruali. Ndani yake mlikuwa na kahawa ya dada yake, aliyeolewa upande wa pili wa mlima uleule, Uganda. Huyo dada amemshinda Kukhu katika kila jambo tangu wakiwa wasichana. Alitolewa ng'ombe wengi zaidi. Alizaa pacha mara mbili. Mpaka leo ana meno yake. Na kila mtu anayevuka mpaka huja na salamu zake kwamba kahawa ya kule ni bora kuliko ya huku, kwa sababu jua la kule ni la jioni, halina haraka. Kukhu alitaka zipikwe zote mbili, kila moja sufuria yake, wanaume wanywe bila kujua ipi ni ipi. Ya kwake ikishinda, miti ibaki. Ya dada yake ikishinda, yeye mwenyewe atashika jembe la kwanza.

Baba Mdogo alikubali haraka sana. Kwake yeye kahawa ni kama dawa ya minyoo, na dawa mbili za minyoo haziwezi kupitana utamu.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Nasoma somo la sayansi ya nyumbani, niko kidato cha tatu, na nyumbani wanaamini kwamba somo hilo lina kila kitu kinachoweza kuingia ndani ya sufuria. Ukweli ni kwamba kitabu chetu kina ukurasa mmoja wa kahawa, wenye picha ya chombo cha kioo ambacho hata mwalimu hajawahi kukiona. Sentensi moja tu ndiyo niliyoikariri kwa ajili ya mtihani: kahawa bora isichemshwe. Ningeweza kuwaambia hivyo. Lakini mimi nikiulizwa kitu mbele ya watu huwa najibu ndani ya kichwa, na jibu huwa sahihi, na halitoki. Nikainuka nikaenda kutafuta uteo.

Kuchagua tulichagua mimi na Kukhu, tumekaa chini jikoni. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa stadi wa jambo kiasi kile. Alizimwaga zake kwenye uteo, vidole vikaanza kutembea vyenyewe, kama vinavyotembea Mama anapochagua mawe kwenye maharagwe, ila upesi zaidi. Iliyotobolewa na mdudu, tupa. Iliyovunjika, tupa. Zilizobaki zilikuwa za kijani kinachoelekea buluu, nzito, na ule mstari wa katikati umenyooka. Aliniambia kiwandani zikifika zinachanganywa na za kila mtu, za mvivu na za mwizi, na tangu hapo hazina mama wala baba. Hizi zilikuwa za laini zake za juu peke yake, zile safu za miti zilizo karibu na migomba, mahali ambapo ukungu unachelewa kuondoka.

Kila alipokutana na punje ya mviringo kabisa, isiyo na upande bapa, aliiweka kando. Alisema tunda la kahawa huzaa mbegu mbili zinazolala zimeelekeana, lakini mara moja moja huzaa moja tu, ikakua ikiwa duara kwa kukosa wa kuisukuma. Anaziita yatima. Kiwandani hawazikatai, ila yeye hapendi ziende. Alizifunga kwenye ncha ya leso, konzi mbili hivi, akaendelea.

Za dada yake zilikuwa na rangi ya kahawia, ndogo, zimekaushwa na maganda yake juu ya bati. Kukhu alizinusa, akanipa ninuse. Zilikuwa na harufu ya fenesi lililoiva kupita kiasi. Kukhu, ambaye ni mama wa kanisa, akasema dada yake alikuwa mlevi tangu zamani na sasa ameifundisha na kahawa yake.

Nikaanza kukaanga kwenye karai la kuchomea njugu. Kwa dakika nyingi hakuna kilichotokea isipokuwa harufu ya majani makavu. Kisha moshi. Kisha zikaanza kulia, ta, ta, ta, kama bisi zilizokosa nguvu ya kuruka. Nikaziepua zikiwa na rangi ya kiatu cha polisi, nikazimimina kwenye mkebe wa maziwa ya mtoto. Za dada yake nikazikaanga vilevile, nikazitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kabla ya hapo majirani watatu walikuwa wamekuja, mmoja na ndoo ya maji, kuuliza ni nini kinachoungua. Mama aliwaambia wote kwamba ni njugu. Yule wa ndoo aliondoka akigeuka nyuma, na nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba watu wengine hawafai kupewa njugu.

Sasa kusaga. Kinu hatuna, tuko mjini. Jirani ana kinu lakini hutwangia kitunguu saumu. Mama akanipa mikebe miwili akasema niende kwenye mashine ya kusaga, nirudi mbio.

Mashine ile ina sheria moja ambayo hata watoto wanaijua. Mahindi meupe kwanza. Wimbi, mtama, muhogo na kitu chochote chenye rangi, mwisho, foleni ikiisha, ili kisichafue unga wa watu. Mwenye kitu chenye rangi anapofika hukisema, akakaa pembeni kwenye benchi. Ni hilo tu. Kusema.

Mzee wa mashine amefanya kazi hiyo mpaka masikio yamekufa nusu, kwa hiyo husema kila jambo kwa sauti ya kumfikia mtu aliye sokoni. Mbele yangu kulikuwa na mtu aliyesaga gunia zima. Nyuma yangu alisimama mke wa mchungaji wetu na gorogoro tatu za mahindi. Nilipofika mbele, mzee akafunua mkebe wa kwanza, ule wa Kukhu, akachungulia.

"Haya ni mahindi?" akauliza, na foleni yote ikageuka.

Nilitazama miguu yangu. Ndani ya kichwa nilijibu vizuri sana: la, mzee wangu, ni kahawa, nitasubiri kwenye benchi. Lakini kwetu msichana akiulizwa akatazama miguu yake, huyo amekubali.

"Mahindi yameungua hivi?" mzee akaendelea. "Ama mnatengeneza busaa? Karani siku hizi anatengeneza busaa?"

Watu wakacheka. Mke wa mchungaji hakucheka. Busaa ni pombe, na Baba ni mzee wa kanisa.

Mzee akaimwaga kahawa ya Kukhu kwenye mdomo wa mashine, palepale, nyuma ya lile gunia. Mashine ikakohoa, na kilichotoka kilikuwa kahawa pamoja na unga wote uliokuwa umebaki tumboni mwake, na ulikuwa mwingi. Kilikuwa na rangi ya udongo wa kujengea. Kisha akamwaga ya mkebe wa pili, ile ya dada yake. Hiyo ilitoka nyeusi, safi kabisa, maana ya Kukhu ilikuwa imeshaifagilia njia. Baada ya hapo yakaingia mahindi ya mke wa mchungaji, nami nikaona unga wake ukianza kushuka na madoa kama ngozi ya fisi. Sikungoja. Niliondoka kwa mwendo ambao mtu akiuona asingeuita mbio, ila miguu yangu ilijua.

Nyumbani nilitaka kusema. Naandika hivi kwa kuwa hapa siwezi kudanganya: nilitaka, na nilikuwa na nafasi. Mama alinipokea mikebe mlangoni, akasema ya Kukhu imesagika laini, kazi nzuri. Nikasema asante.

Kupika alipika Mama mwenyewe. Katika nyumba yetu kuna njia moja tu ya kupika kitu cha kunywa: maji, maziwa, sukari, majani, vyote pamoja, ipande mara tatu. Kahawa ikachukua nafasi ya majani. Ile sentensi yangu ya mtihani ilifika mpaka kwenye meno ikarudi. Sufuria ya dada yake ilipanda mara tatu ikashuka. Sufuria ya Kukhu ilipanda mara moja, ikakataa kushuka, ikaanza kutoa mapovu makubwa yanayopasuka polepole, pu, pu. Mama aliikoroga akasema hii imekubali maziwa.

Nilibandika kipande cha plasta chini ya vikombe vyenye kahawa ya Kukhu, nikavipeleka sebuleni kwenye trei. Wanywaji walikuwa watatu, Baba, Baba Mdogo na Kukhu mwenyewe, aliyesema hata yeye hataki kuambiwa kipi ni chake. Wakaanza na vya plasta. Hakuna aliyejua kahawa halisi inatakiwa iweje, na kila mmoja alimngoja mwingine. Baba aliwahi kwenda semina Kisumu, akanyweshwa kahawa hotelini siku mbili, basi akaona ni wajibu wake kutuongoza. Akasema ndiyo yenyewe hii, kahawa lazima iwe nzito. Baba Mdogo aliinamisha kikombe, akangoja, akakigonga matako ili kilichomo kiteremke.

"Mkubwa, hii ni ya kunywa ama ya kupaka ukuta?" akauliza.

Wakahamia vikombe vya pili. Hivyo vilikuwa na kitu cha kunyweka, cheusi chenye maziwa, chenye ile harufu ya fenesi. Baba Mdogo alikimaliza chake akalamba mdomo. Baba akasema hotelini pia walikuwa na aina kama hii, na kwa kweli ilikuwa imezidi kidogo. Kukhu alikuwa anakunywa kila kikombe mpaka mwisho, macho amefumba, bila haraka. Kisha akanyoosha kidole, akaonyesha cha pili.

Nikavigeuza. Hakikuwa na plasta.

Kukhu alikichukua kikombe kile, akapitisha kidole chini yake. Akasema taratibu, "Dada yangu amenishinda tena. Na mdomo wangu ndio umempigia kura." Akamwambia Baba Mdogo kwamba Jumatatu asimtafutie jembe, analo la kwake.

Baba akatoa lile neno lake. Alilitoa kwa sauti ndogo, lakini alilitoa.

Chini ya vikombe vya plasta kulikuwa na tabaka jeupe la unga. Wote waliliona. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa hakuna aliyejua kama kahawa huacha cheupe au cheusi. Mimi nilijua. Nilivikusanya nikaviosha haraka kuliko nilivyowahi kuosha vyombo katika maisha yangu.

Kukhu akija hulala kitandani kwangu, yeye upande wa ukutani. Usiku ule hakuna aliyelala, na nilikuja kuelewa baadaye kwamba haikuwa huzuni peke yake. Alikuwa anaitaja miti yake mmoja mmoja, bila kulalamika, kama mtu anayesoma rejista. Uliokanyagwa na ng'ombe ukaota umepinda. Uliozaa hata mwaka wa kiangazi. Ule ambao Baba alijificha nyuma yake siku ya kwanza ya shule, akavutwa mguu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu nilijifanya napiga miayo.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kulipoanza kupambazuka, nilisema, "Kukhu."

"Eeh."

"Zile yatima. Naomba unipe."

"Za nini?"

Hapo hapakuwa na miguu ya kutazama, tulikuwa chini ya blanketi. Nikamwambia yote. Nilimwambia gunia la yule mtu, mzee wa mashine, benchi ambalo ningekaa kama ningesema, yale meupe niliyoyaosha. Sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo mbele ya mtu aliye macho. Nilipomaliza Kukhu akageuka kutoka ukutani, akanitazama.

"Kwa hivyo tulikunywa uji," akasema.

"Ulikuwa uji, Kukhu."

"Na wa dada yangu?"

"Wake haukuwa na unga."

"Mimi nikashindwa na dada yangu, nikiwa na uji, na wewe umesimama hapo na trei." Kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameuma ncha ya blanketi asiamshe watu, kisha akaiachia ncha ya blanketi akauma ya leso, akalifungua lile fundo kwa meno machache aliyobakiwa nayo.

Nikawasha jiko nje, kwenye ngazi ya jikoni. Kukhu akaleta kigoda. Nilizikaanga zile punje za mviringo zikizunguka karaini kama gololi, na safari hii Kukhu ndiye aliyesikiliza. Zilipoanza kulia akainua mkono, akahesabu kwa kichwa, akaushusha, nikaepua. Nilizisaga kwa chupa ya soda kwenye ubao wa chapati, kidogo kidogo, nikizifunika kwa leso zisiruke.

Nilikuwa napepea jiko maji yachemke wakati mke wa mchungaji alipoingia uani, amevaa nguo za kanisani, amebeba sahani iliyofunikwa. Mama akatoka, kitambaa cha kichwa bado hajafunga. Baba na Baba Mdogo wakatokea nyuma yake. Mke wa mchungaji akafunua sahani. Kulikuwa na kipande cha ugali wenye rangi ya viatu.

"Mama, mimi sikuja na ugomvi," akamwambia Mama. "Lakini hii ndiyo tulikula jana. Tangu jana jioni mchungaji hajafunga macho. Ameandika mahubiri matatu. Amehama chumba akaenda kumwamsha mgeni wetu amsomee. Mimi nauliza tu, nyinyi mlisaga nini?"

Mama akafungua mdomo, na niliona neno njugu likija.

"Ni kahawa," nikasema.

Wote wakatafuta ni nani aliyesema. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza mara moja huwa sianzi tena. Nikasema ni kahawa ya Kukhu, si busaa, Baba hatengenezi busaa. Nikasema niliulizwa nikatazama chini. Nikasema unga wa gunia la watu uliingia kwa Kukhu, kahawa ya Kukhu na ya dada yake zikaingia kwa mchungaji, na kwamba jana hatukuonja kahawa ya Kukhu hata kidogo, tulionja uji.

Baba akatazama paa la nyumba. "Mimi nilisema ni nzito," akasema.

Maji yakachemka. Nikayaepua kwanza, kama ule ukurasa wa kitabu unavyotaka, nikayamimina juu ya kahawa kwenye jagi, nikaifunika kwa sahani. Mama alikuwa ameshaleta maziwa. Nikamwambia hapana. Nadhani alishangaa zaidi ya nilivyoshangaa mimi, kwa sababu aliyarudisha ndani palepale. Nikachuja kwa kichungi cha chai. Ikatoka nyekundu ikitazamwa kwenye mwanga, kama chai ya rangi iliyokasirika, na harufu yake ikafanya hata yule jirani wa ndoo aje mpaka kwenye ua, mara hii bila ndoo.

Kukhu alipewa cha kwanza. Alikunywa, uso ukakunjamana wote mpaka macho yakapotea. Tukangoja. Akanywa tena. Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ni kali," akasema. "Mwanzo inakugombeza. Halafu inakuja kitu kama zambarau, hapa nyuma." Akagusa koo. "Hii ni ya laini ya juu kabisa. Naijua."

Baba Mdogo naye akaonja, akasema kwa haki ya Mungu ile ya jana ya pili ilikuwa tamu zaidi.

"Ile ya jana ilikuwa na maziwa ya shemeji yako na sukari ya kaka yako," Kukhu akamjibu. "Dada yangu ameshinda uji. Mimi sijashindwa na mtu bado." Kisha akamgeukia Baba, akauliza kama neno la jana lilikuwa la kahawa au la uji.

Baba alikunywa cha kwake chote, akifikiri. Mwishowe akasema neno la jana lilikuwa la uji. Laini nne za chini, zile zilizozeeka karibu na boma la ng'ombe, Baba Mdogo azichukue apande nepia yake. Za juu zisiguswe. Baba Mdogo alinung'unika kwamba laini nne ni kifungua kinywa tu kwa ng'ombe wa gredi. Kukhu akamwambia basi amfundishe ng'ombe kunywa kahawa, atakula usiku pia.

Mke wa mchungaji alikuwa bado amesimama na sahani yake. Akaniuliza, mimi, si Mama, kama kuna iliyobaki. Alisema si kwa ajili ya mchungaji, mchungaji asipewe tena kitu kama hicho. Ni kwa ajili yake mwenyewe, maana mahubiri ni matatu na yeye hukaa benchi la mbele.

Nikamwambia iko, akae. Nikaingia ndani kutafuta kikombe. Kilichokuwa karibu kilikuwa na plasta chini, nikaibandua kwa ukucha, nikakisuuza, nikamletea kimejaa.